Ghala limejaa hadi njiani, lakini ukitazama juu ni hewa tupu. Kosa ni la jengo au letu?

#1 MtunzaGhala
Wakuu habari zenu. Niende moja kwa moja.

Ghala langu lina urefu wa mita 60 na upana wa mita 42. Kutoka sakafuni hadi chini ya kenchi ni mita 9. Raki, yaani rafu ndefu za chuma, ni zile za kawaida ambazo kila paleti (jukwaa la mbao lenye mzigo juu) unaifikia bila kuhamisha nyingine, ghorofa 4 ukihesabu na ya sakafuni. Safu 14, kila safu vyumba 17, kila chumba kinabeba paleti 3 za milimita 1200 kwa 800 katika kila ghorofa. Jumla nafasi 2,856. Kompyuta inasema 2,790 zina mzigo.

Sasa paleti zinalala njiani. Asubuhi dereva anamaliza nusu saa akihamisha mzigo uliolala ndipo aufikie anaoutaka. Bosi ameshaanza kuongea na wachoraji habari za jengo la pili. Mimi nikisimama katikati nikainua kichwa, mzigo wa juu kabisa unaishia mita 6.75. Mita mbili na robo zilizobaki wanazitumia njiwa.

Naomba maoni. Kosa ni la jengo, la raki, la folklifti (mashine ya kuinulia paleti) au ni sisi wenyewe?

#2 Kobe_Mwendo
Nimeweka mkeka hapa. Ghala letu nalo ni hivyohivyo, ila sisi hatuna hata njiwa.

#3 RulaMkononi
Mkuu, kosa ni njia. Kwa hesabu zako natambua unatumia folklifti ya kawaida, ile yenye uzito nyuma. Hiyo inataka njia ya mita 3.5 au zaidi ili igeuke na paleti mbele. Safu mbili zilizopeana migongo, pamoja na mwanya wa katikati na paleti kuchungulia kidogo mbele, zinakula kama mita 2.5. Jumla mita 6 kwa kila seti ya njia moja na nyuso mbili za raki. Upana wako mita 42, seti 7, safu 14. Ndiyo uliyo nayo.

Chukua richi, ile mashine ambayo dereva anakaa ubavu na uma unatoka mbele na kurudi ndani. Yenyewe inageuka kwenye mita 2.8. Seti inakuwa mita 5.3. Gawanya 42 kwa 5.3 unapata 7.9, yaani karibu seti 8, safu 16. Tena richi inapanda juu kuliko hiyo yako, mita 10 kwake ni kawaida. Hewa ya njiwa unaichukua.

#4 Mhasibu_Mkali
RulaMkononi, "karibu seti 8" ndiyo nini? Seti ni 7 au ni 8. Seti 8 ni mita 42.4 na ukuta wake uko 42. Labda awaombe ukuta wasogee. Kwa hesabu yako mwenyewe amenunua mashine mpya, akabomoa raki zote, akabaki na safu 14 zilezile na mita 4.9 za kuchezea mpira.

#5 RulaMkononi
Hahaha, hapo umenikamata. Lakini si kwamba hapati kitu, ngoja nichore.

#6 FundiRaki
Msaidieni kuchora. Hizo mita 4.9 zinatosha njia moja ya 2.8 na safu moja iliyoegemea ukuta, kama 1.25. Jumla 4.05. Kwa hiyo ni safu 15, si 14 wala 16. Safu moja kwake ni nafasi 204 kwa ghorofa 4. Nyote wawili mmekosea, mmoja kwa kuzidisha na mwingine kwa kupunguza.

Lakini kabla hatujafika mbali, MtunzaGhala hajatuambia nguzo za jengo ziko wapi. Nimewahi kuitwa kufunga raki mahali ambapo mchoro wa raki ulichorwa kwenye karatasi nyeupe na mchoro wa jengo ulikuwa ofisi nyingine. Tumefika na miguu ya raki imeshakatwa, boriti zake zimeshapakwa rangi, tukakuta nguzo ya jengo imesimama ndani ya njia, sentimita thelathini kutoka usoni mwa raki. Waliifunga mpira wa gari kuuzunguka mguu wake na kupaka rangi ya njano. Nilipopita tena mwaka uliofuata mpira ulikuwa umekwisha.

#7 MtunzaGhala
Asante fundi. Nguzo za jengo ni safu mbili, moja mita 12 kutoka ukuta wa kushoto, nyingine mita 30. Kwa urefu zimepangwa kila baada ya mita 10 hivi. Kwa sasa hazitusumbui, zimejificha kwenye mwanya kati ya migongo ya raki.

#8 FundiRaki
Ndivyo nilivyoshuku. 12 na 30 zote zinagawanyika kwa 6. Aliyechora jengo lako alijua folklifti gani itaingia. Mwonee huruma, leo anatukanwa.

Sasa peleka mpango wa richi hapo. Seti za 5.3: migongo inaangukia 5.3, 10.6, 15.9, 21.2, 26.5, 31.8. Nguzo ya mita 12 inasimama ndani ya njia inayoanzia 11.85. Nguzo ya mita 30 nayo iko ndani ya njia inayoishia 30.55. Njia mbili kati ya saba zimekufa.

#9 RulaMkononi
Sogeza mpango wote kulia mita 2.45. Nguzo zote zinaingia ndani ya raki.

#10 FundiRaki
Zinaingia, nimepima. Lakini zinaingia karibu na uso wa raki, kwa hiyo kila nguzo inaua nafasi ya paleti kuanzia chini hadi juu. Na zile mita 4.9 umezigawa 2.45 huku na 2.45 kule, safu ya 15 haipo tena. Umetoka 14 umerudi 14 kasoro vyumba vyenye nguzo.

#11 Mhasibu_Mkali
Nilisema mimi.

#12 DerevaWaUma
Mnachora tu. Mimi nakaa juu ya hiyo mashine saa nane kwa siku, niwaambie. Shida ya ghala la jamaa si upana. Ni kwamba mzigo unaotoka kila siku umewekwa mbali na mlango.

Kwetu kulikuwa na katoni fulani, kila gari linalopakia lazima libebe. Ziliwekwa safu ya mwisho kabisa, kona ya ndani. Nikauliza kwa nini. Jibu: zilipofika mara ya kwanza ndipo palipokuwa wazi. Miaka inapita, gari linasubiri, mimi nakwenda na kurudi. Karibu na mlango kulikuwa na nini? Mashine moja ya akiba na maboksi ya karatasi za ofisi. Siku tuliyobadilishana mahali, njia zilifunguka zenyewe kwa sababu nilikuwa namaliza kazi kabla gari jingine halijafika.

#13 Mwokotaji
Namuunga mkono dereva. Mimi naokota katoni moja moja kwa mkono, na kazi yangu kubwa ni kutembea. Hata wanaofundisha kazi hii husema karibu nusu ya muda wa mwokotaji huishia miguuni. Kuokota kwenyewe ni sehemu ndogo.

#14 NoteZaDarasani
Hilo lina jina. J. L. Heskett mwaka 1963 aliandika kipimo chake: chukua ujazo ambao bidhaa inahitaji ghalani, gawanya kwa idadi ya oda zinazoiita. Yenye namba ndogo ikae karibu na mlango. Maana yake si "inayotoka sana" peke yake. Bidhaa inayotoka sana lakini inakula nafasi ya paleti 200 ukiiweka mlangoni inasukuma nyingine zote nyuma. Ndogo inayotoka sana ndiyo mfalme.

#15 DerevaWaUma
Mimi sikujua kama kuna mtu aliandika. Nilijua mgongo unauma.

#16 Kobe_Mwendo
Samahani, mleta uzi ameuliza nafasi, nyie mnajibu mwendo. Ni vitu viwili.

#17 Mlango_wa_Saba
Kobe, si vitu viwili. Kuna kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: vitu vilivyomo ndani ni sawa na kasi ya vinavyoingia mara muda ambao kila kimoja kinakaa. Kama magari yanashusha paleti 40 kwa saa, na kila paleti inakaa uwanja wa kushushia saa 3 ikisubiri kuhesabiwa na kubandikwa lebo, basi wakati wowote ukienda utakuta paleti 120 chini. Ukipunguza zikae saa moja, utakuta 40. Hujajenga kitu. Hizo 80 zilizopotea ndizo zinazolala njiani kwa MtunzaGhala.

Kwa hiyo swali langu kwake: hizo paleti za njiani zimekosa pahala pa kuwekwa, au hazijahesabiwa tu?

#18 MtunzaGhala
Swali gumu. Nikiwa mkweli, zote mbili. Nyingine zimekosa nafasi. Nyingine karatasi zake ziko mezani kwa mtu aliyekwenda kula.

#19 Mhasibu_Mkali
Mimi nina swali jepesi zaidi. Paleti ngapi hazijaguswa mwaka mzima? Kompyuta inajua tarehe ya mwisho ya kila nafasi. Chapisha orodha kabla hujanunua hata msumari.

#20 KoplaMoto
Wakuu, kimya kidogo kuhusu hizo mita mbili na robo "za njiwa". Ghala lina sprinkla, vile vichwa vya darini vinavyomwaga maji moto ukiwaka?

#21 MtunzaGhala
Zipo, ziko chini kidogo ya kenchi, chukulia mita 9. Ni zile za kasi zinazomwaga maji mengi.

#22 KoplaMoto
Basi hiyo si hewa tupu. Ukiongeza ghorofa ya tano kwa nafasi hizohizo za mita 1.75, boriti inakaa mita 7.0, mzigo unaishia 8.5. Umebakiza milimita 500 hadi kichwa cha sprinkla. Kanuni za Marekani, NFPA 13, zinataka milimita 457 chini ya sprinkla za kawaida, hapo ungepita kwa kuponea chupuchupu. Lakini hizo za kasi, zinazokusudiwa kuuzima moto ungali mdogo, zinataka 914. Maji yanahitaji nafasi ya kufunguka kama mwavuli. Ukiujaza mwavuli katoni, unamwagilia katoni moja na jirani zake wanaungua.

Na msizibe mianya kati ya paleti na paleti ili kubana nafasi. Ndimo joto linamopanda kufika kwenye sprinkla na ndimo maji yanamoshukia.

#23 RulaMkononi
Kwa hiyo richi ya mita 10 ningemnunulia akatazamane na mwavuli.

#24 KoplaMoto
Umenielewa.

#25 Shoka
Mnazunguka bure. Weka raki za kuingia ndani, zile ambazo folklifti inaingia katikati ya raki na kusukuma paleti hadi nyuma. Njia zote zinageuka kuwa mzigo. Ghala moja nililofanya kazi tulipata nafasi nyingi ajabu.

#26 Mwokotaji
Nafasi nyingi ajabu kwenye karatasi. Ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, kwa hiyo kila uchochoro lazima uwe bidhaa moja, tena kundi moja. Ukishatoa paleti tatu kati ya nane, zile nafasi tatu haziwezi kupokea bidhaa nyingine. Ghala linaonekana limejaa, ukiingia ndani ni matundu kama mzinga wa nyuki. Mleta uzi ana bidhaa aina ngapi?

#27 MtunzaGhala
Zaidi ya mia sita.

#28 Mwokotaji
Kesi imekwisha.

#29 Shoka
Haijaisha. Atoe bidhaa zile nne tano zenye paleti nyingi azipeleke humo, zingine zibaki. Sikusema ghala zima.

#30 DerevaWaUma
Shoka, uliwahi kuendesha humo ndani? Pembeni una sentimita chache kila upande, unarudi nyuma kwa upofu, mlingoti umeinuka. Kila mguu wa mbele una alama yangu au ya mwenzangu. Hakuna dereva anayeripoti alama ya kwanza.

#31 FundiRaki
Hapa nisimame kidogo, mtaniwia radhi. Kiwango cha Ulaya EN 15635 kina kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya. Chukua rula iliyonyooka ya mita 1, ilaze kwenye mguu wa raki mahali palipoumia, pima shimo. Ukipinda kuelekea urefu wa njia, mwisho ni milimita 5. Ukipinda kuelekea kina cha raki, milimita 3. Vile vyuma vya mshazari vinavyounganisha miguu, milimita 10. Chini ya hapo ni kijani, endelea na kazi. Ukivuka lakini hujafika mara mbili, ni njano: mzigo uliopo unaweza kubaki, ila ukishatolewa usipakie tena hadi mguu utengenezwe. Mara mbili na zaidi ni nyekundu, shusha sasa hivi.

Na usinyooshe kwa nyundo. Chuma kilichopinda kikanyooshwa si kilekile.

#32 MtunzaGhala
Nimechukua rula ya mhandisi mchana huu. Miguu 40 ya mbele. Kijani 39. Mmoja, safu ya 9 karibu na kona, milimita 8 kuelekea urefu wa njia.

#33 FundiRaki
Njano. Bandika karatasi.

#34 NoteZaDarasani
Kuna mtindo mwingine haujatajwa, njia za mifupa ya samaki. Kevin Gue na Russell Meller walionyesha mwaka 2009 kwamba ukivunja mazoea ya njia zote kuwa sambamba, ukapitisha njia mbili kuu za mshazari kutoka mlangoni na njia za raki zikatawanyika kutoka humo, safari ya kupeleka paleti moja inapungua kwa kama 20%.

#35 FundiRaki
Nimeuona huo mchoro, mzuri sana ukutani. Faida hiyo ni pale safari zote zinaanzia sehemu moja katikati na unabeba paleti moja kwenda, mtupu kurudi. Mwenye milango kumi ya kupakulia upande mzima haipati yote. Na zile pembe za mshazari zinakula nafasi, wakati jamaa analia nafasi.

#36 Kobe_Mwendo
Samaki hana nafasi humu.

#37 Shoka
Akachukue roboti basi. Amazon waliinunua Kiva, kampuni ya roboti za ghala, mwaka 2012, rafu zinamfuata mwokotaji badala ya mwokotaji kufuata rafu. Miguu ya Mwokotaji ingepona.

#38 Mwokotaji
Nikibaki na kazi.

#39 MamaStoo
Nimesoma uzi wote tangu juu. Wanangu, mmepima njia, mmepima nguzo, mmepima moto, hakuna aliyeuliza paleti zenyewe na mzigo wake zina urefu gani kwenda juu. MtunzaGhala, nafasi zako zote ni za mzigo wa mita 1.5. Paleti zako zote zina mita 1.5?

#40 MtunzaGhala
Hapana mama. Nyingi ni fupi. Kuna wauzaji wanaleta za sentimita 90 kwa sababu katoni zao haziruhusu kupandana zaidi.

#41 MamaStoo
Kwa hiyo hewa yako haiko juu ya raki. Iko ndani ya raki, na umeizoea huioni. Paleti ya 0.9 imekaa chumba cha 1.75, nusu yake ni kivuli.

Boriti hizo hazijachomelewa, zinachomekwa kwenye matundu ya mguu, zinashuka na kupanda. Chukua vyumba vichache, zipange kila baada ya mita 1.15. Unapata sakafuni, 1.15, 2.30, 3.45, 4.60, 5.75. Ghorofa 6 pale palipokuwa 4, na mzigo wa juu unaishia 6.65, chini hata ya ulivyo leo. KoplaMoto hana neno.

Nilifanya hivyo zamani nikiwa na rula ya fundi cherehani na kijana mmoja. Tulipita safu kwa safu, nikisoma urefu yeye anaandika kwa chaki kwenye boriti. Kwenye chumba kimoja tulikuta paleti ina katoni mbili tu, zimefunikwa vumbi, na mtu aliandika jina lake kwa kidole juu ya plastiki. Aliyeliandika alikuwa ameshastaafu.

#42 KoplaMoto
Sina neno, ila mianya ibaki.

#43 RulaMkononi
Mama, ghorofa 6 badala ya 4 si utavunja miguu ya raki? Uzito umeongezeka nusu.

#44 FundiRaki
Si lazima. Ghorofa ya sakafuni haibebwi na mguu, inabebwa na zege, kwa hiyo mguu unatoka ghorofa 3 kwenda 5, zaidi hata ya ulivyosema. Ila mguu wa raki hufa kwa kupinda, na kinachoamua ni urefu wa kipande kisicho na boriti. Ukizisogeza boriti karibu mguu unapata nguvu. Hatari kubwa ni kinyume chake, mtu anapopandisha boriti ya kwanza ili kuingiza kitu kirefu chini. Hiyo nimeiona ikiangusha safu.

Lakini jumla ya uzito wa chumba lazima ilingane na kibao cha mtengenezaji. Kibao cha zamani kimeandikwa kwa mpangilio wa zamani. Ukihamisha boriti, kibao hicho hakikuhusu tena, omba hesabu mpya. Na boriti ikibeba mzigo isilegee zaidi ya urefu wake gawanya kwa 200, kwa boriti yako ya milimita 2,700 ni 13.5.

#45 DerevaWaUma
Na mimi mniangalie. Folklifti imeandikwa tani 2.5, basi kila mtu anaamini tani 2.5. Hizo ni mzigo ukiwa kitovu chake milimita 500 kutoka shinani mwa uma, na mlingoti haujainuka sana. Paleti iliyoingizwa kwa urefu wa 1200 kitovu chake ni 600. Ukiinua hadi 5.75 inapungua tena. Kibao kipo mbele ya kiti, kimefunikwa grisi. Kisugueni kabla ya kunipandisha huko.

#46 Mhasibu_Mkali
Orodha yangu iko wapi?

#47 MtunzaGhala
Iko hapa mkuu, usinipigie kelele. Paleti zisizoguswa miezi 12: 311. Nafasi ambazo kompyuta inaita "imejaa" lakini zina chini ya robo ya paleti: 402, na chache kati ya hizo ziko ndani ya zile 311.

#48 Mhasibu_Mkali
Wewe una jengo la pili tayari. Limo ndani ya la kwanza.

#49 Mlango_wa_Saba
Sehemu ya hizo 402 ni kwa sababu kila bidhaa ina nafasi yake ya kudumu, sivyo? Ukimpa kila mmoja kiti chake, lazima uwe na viti vya siku ambayo wote wamekuja. Bidhaa hazijai siku moja. Ziache zikae popote palipo wazi na kompyuta ikumbuke. Halafu usijidanganye kwamba 2,790 kati ya 2,856 ni ufanisi. Hiyo ni karibu 98%. Wengi wa kazi hii wakivuka kama 85% wanaanza kuhesabu shida, kwa sababu mzigo mpya haupati pa kushukia bila kuhamisha mwingine.

#50 DerevaWaUma
Popote palipo wazi ndiyo iliyopeleka zile katoni zangu kona ya mwisho. Mmesahau #12?

#51 Mlango_wa_Saba
Popote ndani ya ukanda wake. Za haraka ukanda wa mbele, za polepole nyuma, ndani ya ukanda ni huria.

#52 DerevaWaUma
Hapo sawa. Lakini ukanda wa mbele nao utajaa, ndipo mtu atasema "weka nyuma kwa leo tu".

#53 MamaStoo
Leo tu. Nimestaafu nikiisikia.

#54 MtunzaGhala
Mrejesho baada ya wiki tano, wakuu. Samahani kwa kimya.

Tulipata hesabu mpya ya uzito kutoka kwa mtengenezaji. Tukachukua safu 2, ya 8 na ya 9, tukashusha kila kitu, tukapanga boriti kama alivyosema MamaStoo. Kila safu imetoka nafasi 204 kwenda 306. Kwa zote mbili nimepata 204 mpya. Za haraka tumezisogeza mbele. Yule wa karatasi sasa anahesabu mlangoni mzigo ukishuka. Wiki mbili njia zilikuwa nyeupe, madereva walikuwa wanapiga mluzi.

Wiki ya tatu idara ya ununuzi wakaona kwenye kompyuta kuna nafasi wazi. Wakaagiza. Leo nina paleti 30 njiani na bosi amewaita tena wachoraji. Zile 311 bado zipo, kila mkuu wa idara anasema zake ni za dharura.

#55 Mhasibu_Mkali
Kosa si jengo, si raki, si folklifti. Ni ununuzi. Nilitaka kulisema tangu #4.

#56 RulaMkononi
#4 ulisema ukuta usogee.

#57 Mlango_wa_Saba
Siyo ununuzi peke yao. Ukiwaonyesha nafasi wazi bila kuwaambia 15% ni ya kupumulia, watajaza. Ibadilishe kompyuta isionyeshe.

#58 Shoka
Mimi bado nasema raki za kuingia ndani kwa bidhaa nne. Mtakuja kunikumbuka.

#59 NoteZaDarasani
Na akijenga hilo la pili, ahakikishe sakafu inanyooka vya kutosha kwa mashine za njia nyembamba, zile za mita 1.7. Seti ya 4.2 ndani ya upana wa 42 ni seti 10 kamili, safu 20. Bonde dogo sakafuni, juu kwenye mlingoti linakuwa kubwa.

#60 FundiRaki
Apange nguzo kwa 4.2 basi, asirudie 6. MtunzaGhala, swali moja. Umesema mmeshusha na kupakia safu ya 8 na ya 9. Ule mguu wa milimita 8 ulikuwa safu ya ngapi?

#61 MtunzaGhala
Ya 9.

#62 FundiRaki
Ulitengenezwa kabla ya kupakia?

#63 MtunzaGhala
Karatasi ilidondoka wakati wa kuhamisha boriti. Nakwenda sasa hivi.

#64 DerevaWaUma
Usiende peke yako, na usipite chini yake. Mwite dereva aanze na paleti za juu.